Furu Waliobaki Ndani ya Kioo

Chumbani kwangu Ngarenaro nafuga samaki wanne wa mapambo. Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo ili klorini itoke, na umeme ukikatika usiku naamka kuyakoroga kwa kikombe, wasikose hewa. Bibi yangu, mzaliwa wa Mwanza, hunicheka kwenye simu: "Mjukuu wangu, unalea samaki usiyemla?"

Yeye alikulia kwenye furu. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina zake. Miaka ya 1950 sangara alipandikizwa humo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 aina nyingi zilikuwa hazionekani tena. Uvuvi na uchafuzi wa maji navyo vilichangia. Watafiti wa Leiden, waliokuwa Mwanza tangu 1977, walisafirisha baadhi wakiwa hai hadi Uholanzi. Baadaye bustani za wanyama za Marekani nazo zikawazalisha kwenye matangi.

Nimezoea kutafuta historia kwenye majalada. Hii inaogelea, tena mbali na kwao.

Nilipomsimulia bibi, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na huko umeme ukikatika, nani anaamka kuwakorogea maji?"