Kiziwi wa Dekapoli na Kelele za Kariakoo

Katika sura ya saba ya Injili ya Marko tunasoma habari za kiziwi mmoja wa nchi ya Dekapoli, ambaye pia alikuwa mzito wa kusema. Watu walimleta kwa Bwana Yesu wamwombee. Kabla ya kumponya, Bwana alifanya jambo ambalo wengi tunalipita haraka: alimtoa kwanza katika lile kundi la watu, akakaa naye peke yake, akagusa masikio yake.

Sisi tunaosali karibu na Kariakoo tunaielewa hatua hiyo. Pita Mtaa wa Kongo mchana: vipaza sauti vinataja bei, bodaboda wanapiga honi, wabeba mizigo wanaomba njia. Mwenye usikivu hafifu akisimama hapo yuko peke yake kati ya maelfu. Haoni mkokoteni unaomjia nyuma, wala hajui kama muuzaji amesema elfu mbili au elfu nne. Akiuliza mara ya tatu, anachekwa.

Kariakoo yenyewe ni jina lililobaki kutokana na mateso. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya neno hilo kuwa Kariakoo. Miaka ya nyuma yake kidogo, mwaka 1897, jijini humu ilianza hospitali kwa mali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, kwa ajili ya watu ambao hawakupokelewa katika hospitali ya Wazungu. Mwaka 1956 huduma hiyo ilihamia hospitali mpya iliyoitwa Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Tukumbuke kwamba mbegu ya hospitali yetu kubwa ilipandwa na mtu asiye wa imani yetu aliyewahurumia wagonjwa.

Sikio huugua kwa njia nyingi. Sauti hupiga kiwambo, nacho hutikisa mifupa midogo mitatu, kisha mtikisiko huingia ndani kabisa katika kiungo kilichojipinda kama konokono. Humo vinyweleo vidogo sana hugeuza mtikisiko kuwa habari inayopelekwa kwenye ubongo. Nta ikijaa, njia inaziba. Usaha ukikaa nyuma ya kiwambo, unaweza kukitoboa, na ukiachwa miaka mingi unaweza kula mfupa ulio nyuma ya sikio na hata kufika kwenye ubongo. Surua, homa ya uti wa mgongo, baadhi ya dawa za sindano na kelele kubwa huweza kuharibu vile vinyweleo, navyo kwa binadamu havioti tena.

Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Kwa karne nyingi madaktari nao waliamini hivyo. Upasuaji wa zamani ulilenga kumwokoa mgonjwa asife kwa usaha, na usikivu ulihesabiwa kuwa umepotea. Mambo yalibadilika pale darubini ilipoingia katika chumba cha upasuaji, kazi iliyoanzwa na Carl Nylén huko Stockholm mwaka 1921. Katika miaka ya 1950 Wajerumani Horst Wullstein na Fritz Zöllner waliweka misingi ya kuziba tundu la kiwambo na kurekebisha njia ya sauti. Mwaka 1956 Mmarekani John Shea aliondoa mfupa mdogo uliokuwa umeganda, akaweka wa bandia mahali pake.

Yalibaki yale masikio yaliyokufa ndani kwenye konokono. Graeme Clark wa Australia, Mkristo aliyekua akimwona baba yake, mfamasia, akihangaika na uziwi dukani, alitaka kupitisha waya laini ndani ya konokono hilo bila kulichana. Mwaka 1977, akiwa pwani na familia yake, aliokota kombe na kujaribu kupenyeza jani la nyasi. Aliona kwamba jani lililo laini kwenye ncha na gumu kwenye shina huingia vizuri. Mwaka uliofuata, mjini Melbourne, alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza. Hapa nyumbani watoto waliohitaji tiba hiyo walipelekwa India, hadi Juni 2017 Muhimbili ilipoanza kuifanya yenyewe.

Kanisa lina sehemu yake katika historia hii. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Hapa Dar es Salaam ilifuata Buguruni mwaka 1974, na Walutheri wakafungua ya Mwanga, Kilimanjaro, mwaka 1981. Hiyo ni heshima yetu. Lakini tunayo na aibu yetu.

Namkumbuka mama mmoja, muuza mboga, ambaye mwanawe hakugeuka alipoitwa. Sisi tulimwambia ni kifungo cha ukoo. Tulimwombea, tukamfungisha, mwaka ukapita na mwingine ukafuata. Alipofika kwa daktari mtoto alikuwa na miaka minane. Aliambiwa kwa upole kwamba ubongo hujifunza sauti katika miaka ya mwanzo, na kifaa kikiwekwa kwa kuchelewa hivyo humsaidia kidogo mtoto ambaye hajawahi kusikia. Hakutulaumu. Mimi najilaumu, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliomwekea mikono, na hakuna aliyemwambia, mama, nenda na hospitali pia.

Mtoto huyo sasa anazungumza kwa lugha ya alama, ni hodari na mcheshi. Hana upungufu mbele za Mungu. Aliyepungukiwa ni sisi, tusiojua hata kumsalimu kwa mikono.

Basi, wapendwa, tufanye mambo matatu. Mtoto asiyeshtuka kwa sauti, au anayetokwa usaha, apelekwe kupimwa mapema, na maombi yaende pamoja naye. Kila usharika uwe na mtu anayejua lugha ya alama. Na tupunguze vipaza sauti vyetu. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na spika za ibada zinaweza kupita hapo kwa mbali, huku watoto wakiwa wamekaa safu ya mbele.

Bwana alimtoa yule kiziwi kwenye kelele ndipo akamponya. Isije ikawa kelele yenyewe inatoka kwetu.