Ubora wa fuwele na safari ya umeme: kutoka paneli ya sola hadi utando wa polima

Katika makutano ya Kanduyi, pale barabara kuu ya Webuye kuelekea Malaba inapoachana na ile iingiayo mjini Bungoma, paneli mbili za sola zenye ukubwa sawa zaweza kuuzwa kwa bei zisizokaribiana. Mnunuzi aghalabu hudhani kwamba anatozwa jina la kampuni, na mara nyingine ni kweli. Hata hivyo, ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni jinsi atomi zilivyopangika ndani ya paneli.

Wakazi wa Bungoma hawana haja ya kwenda mbali ili kuielewa fuwele. Katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975, maji ya miwa huchemshwa hadi yakawa mazito, kisha hutiwa mbegu za sukari. Molekuli hujishikiza kwenye mbegu hizo, safu juu ya safu. Mpishi akiharakisha, huzuka vijipunje vingi vilivyoshikana na kubeba molasi. Akienda polepole, punje hukua kubwa na safi.

Silikoni, malighafi ya paneli nyingi za sola, hufuata kanuni iyo hiyo. Fuwele moja ya silikoni huvutwa taratibu kutoka kwenye silikoni iliyoyeyuka, nayo elektroni hupita ndani yake bila kizuizi kikubwa. Silikoni ikigandishwa kwa namna nyepesi zaidi, hutokea punje nyingi zilizopakana, na katika kila mpaka atomi hukosa kuungana sawasawa. Mapengo hayo hunasa elektroni. Aina ya tatu, silikoni isiyo na umbo la fuwele, ni utando mwembamba ambamo atomi hazina mpangilio wa masafa marefu. Humo elektroni huenda kwa shida takriban mara 1,000 kuliko ndani ya fuwele safi. Isitoshe, mnamo 1977 wanasayansi Staebler na Wronski waligundua kuwa mwanga wenyewe huongeza kasoro katika utando huo, hivyo paneli hupoteza sehemu ya nguvu yake katika miezi ya kwanza ya kuanikwa juani.

Jambo hili liliwagusa Wakenya moja kwa moja, kwani paneli hizo ndogo za bei nafuu zilienea sana vijijini katika miaka ya 1990. Utafiti wa Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa nyingi zilifanya kazi ya kuridhisha, ila baadhi zilitoa nguvu chini mno ya kiwango kilichoandikwa. Aliyeumia ni mkulima aliyelipa fedha taslimu bila chombo cha kupimia. Kanuni za serikali za mwaka 2012 ziliwataka wauzaji na wafungaji wa mitambo ya sola wawe na leseni.

Swali hilo hilo sasa linaulizwa katika maabara kuhusu vitu vipya kabisa: polima bapa zinazoundwa kwa kuunganisha atomi za metali na molekuli za kaboni, mfano wa masega ya nyuki yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ni jamaa wa vitu vilivyowapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Vingi vya jamii hiyo havipitishi umeme. Hizi bapa hupitisha.

Mfano mashuhuri ni polima ya nikeli iliyotangazwa Marekani mwaka 2014. Unga wake uliogandamizwa ulipitisha umeme kwa kiwango cha simensi 2 kwa sentimita, na utando wake 40. Mwaka 2019, fuwele mojamoja zilizokuzwa kwa uangalifu zilifikia takriban 150. Kemia ni ile ile. Tofauti kubwa ni idadi ya mipaka ambayo elektroni hulazimika kuivuka. Cha kushangaza ni kwamba fuwele hizo zilipimwa kwa kukatiza tabaka, si kufuata uso wake, ilhali wengi walitarajia umeme upite vyema kwenye uso tu. Polima nyingine, ya shaba, iliyotangazwa China mwaka 2015, ilifikia 1,580 ikiwa katika umbo la utando. Waya wa shaba wa kawaida hukaribia 600,000, kwa hiyo hakuna anayefikiria kuuondoa nguzoni. Polima hizi zinachunguzwa kwa ajili ya vihisio vya gesi na vihifadhi vya umeme.

Kikwazo kikubwa ni kuzikuza. Metali na molekuli hizo hushikana upesi na kwa nguvu, na kiungo kilichokosewa hakifunguki kirahisi ili kipangike upya. Matokeo huwa vijipunje vidogo mno, kila kimoja kikielekea upande wake. Watafiti hujaribu kupunguza kasi hiyo kwa kuongeza kemikali zinazoshindania nafasi kwenye metali, au kwa kuuacha utando ujiunde taratibu pale maji yanapokutana na kimiminika kisichochanganyika nayo.