Si Taka, ni Machicha

Istilahi “taka za matunda” imeshaota mizizi katika mitaala, maandiko ya miradi na taarifa za viwanda, nayo ni kosa. Sarufi yake haina ila. Ubaya ni kwamba inaikana dhana ileile inayodai kuitaja. Paul Anastas na John Warner walipoorodhesha kanuni 12 za kemia ya kijani katika kitabu chao cha mwaka 1998, ya kwanza ilikuwa kwamba heri kuzuia taka isizaliwe kuliko kuhangaika kuisafisha ikishazaliwa. Sisi tunaanza kwa kulibatiza ganda la chungwa jina la taka, kisha tunatangaza kwa mbwembwe kwamba tutalipandisha hadhi kwa kemia isiyozalisha taka. Wajuzi walioketi mezani wakaipitisha istilahi hiyo huenda walikuwa na haraka ya chai.

Neno lipo, tena la zamani: machicha. Nazi ikishakunwa hutiwa maji kidogo, ikakamuliwa katika kifumbu, likatoka tui zito, kasimele. Kinachobaki ni chicha, na hapa ndipo ulipo utamu wa neno, kwa kuwa chicha haitupwi. Hutiwa maji mengine, ikakamuliwa tena, likatoka tui la pili, jepesi, la kuchemshia. Kasimele husubiri mwisho wa mapishi. Ikishatoa ilicho nacho, chicha huenda kwa kuku. Mkemia ataona hapo uziduaji wa awamu kwa awamu, tena kwa kimumunyisho ambacho kanuni ya tano ya akina Anastas haina la kukilaumu: maji. Kwa hiyo neno limebeba tayari maana ya kitu kilichokamuliwa ambacho bado kinadaiwa. Taka haina deni. Njia yake ni moja, jaani. Wapo watakaopendekeza makapi, na wameshapendekeza, lakini makapi yametoka kwenye ungo: kupepeta ni kuhukumu, na makapi ndiyo yaliyokwisha kuhukumiwa kuwa hayafai. Mashudu nayo yana kazi yake kwenye alizeti na pamba, mbegu zinapokamuliwa mafuta. Kuyahamishia kwenye maembe ni kuwachanganya wafugaji bila sababu. Katika ukoo huu mzima wa maneno yenye ma- ya mrundo, machicha peke yake ndiyo yanayotazama mbele.

Wapinzani husema chicha ni ya nazi na ibaki ya nazi. Lugha haikuwasubiri. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya huyaita machicha mabaki ya nafaka yatokayo viwanda vya bia, wala hayajaonana na mnazi. Wanauliza bei ya machicha, wanapakia, wanalipa. Bei ya taka haiulizwi na mtu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: chicha ni laini, na ganda si chicha. Kweli, ganda likiwa peke yake liitwe ganda, na kokwa ya embe iitwe kokwa. Lakini chungwa likishakamuliwa kiwandani, karibu nusu ya uzito wake hubaki, na hubaki kwa mchanganyiko: ganda, utando, nyama na mbegu. Nchini Brazili na katika jimbo la Florida mchanganyiko huo husagwa, hutiwa chokaa, hukamuliwa mara nyingine na kukaushwa uwe chakula cha ng'ombe. Kitu kinachosagwa na kukamuliwa upya, tukiite nini kama si machicha?

Pingamizi la tatu, kwamba huu ni ugomvi wa maneno matupu, halistahili heshima linalopewa. Mwaka 1998 kampuni ya juisi ya Del Oro ya Kosta Rika ilimwaga tani 12,000 za maganda na nyama za machungwa, malori yapatayo 1,000, kwenye malisho yaliyochakaa ndani ya hifadhi ya Guanacaste, kwa makubaliano na hifadhi yenyewe. Kampuni shindani ikashitaki kwamba hifadhi inachafuliwa, mahakama ikaikubalia, na mpango ukafa. Watafiti waliporudi walikuta msitu. Ripoti ya mwaka 2017 ilisema uzito wa miti juu ya ardhi umezidi kwa asilimia 176 ule wa eneo la jirani lisilomwagiwa kitu. Kesi nzima ilisimama juu ya kama mzigo ule ni taka au si taka. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria yake ya mwaka 2008 kuhusu taka, umetenga kifungu cha 5 kizima kueleza ni lini mabaki ya uzalishaji hayahesabiwi kuwa taka. Wanasheria wameona tofauti ambayo wanaistilahi wetu wameifumbia macho.

“Mazao tanzu,” wanayoshikilia wengine, sina ugomvi nayo, ila imewekwa mahali pabaya. Utanzu ni tawi, na tawi huchipua kwenye shina. Shina ni machicha. Mazao tanzu ni limonene inayotolewa kwa mvuke kwenye ganda la chungwa, au mafuta ya kiini cha kokwa ya embe, ambayo Ulaya inayaruhusu ndani ya chokoleti, au pektini, iliyopewa jina na Henri Braconnot mwaka 1825 kutokana na neno la Kigiriki la kuganda. Matumizi ya neno, kwa ufupi: machicha ya machungwa huweza kuchemshwa kwa asidi ya ndimu badala ya asidi kali za madini, na pektini hutengwa kwa alkoholi, ambayo huchenjuliwa ikatumika tena. Yakielekezwa kwenye mtambo wa bayogesi, limonene itolewe kwanza, kwani hudhoofisha vijidudu vinavyozalisha gesi.