Aniceti Kitereza na Kumbukumbu za Watu wa Mashariki ya Ziwa

Kijiji cha Robanda kimo katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, karibu na mahali ambapo Wajerumani walijenga boma lao la Ikoma, pale mashamba yakomapo na nyika ya wanyama ianzapo. Wenyeji wake ni Waikoma, watu waliosifika tangu kale kwa uwindaji, na sehemu kubwa ya mawindo yao ya zamani iliangukia ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951. Mgeni aulizaye historia yao husimuliwa habari za marika yaliyofuatana, na za vilima na visima walikokaa mababu. Husimuliwa pia Njaa ya Miguu ya miaka ya 1890, wakati tauni ya ng'ombe na ndui viliposhuka juu ya nchi hata watu wakatembea mpaka Usukuma kutafuta chakula. Aghalabu husimuliwa pia habari za machaba, pembe za ndovu ambazo kabila lote huziheshimu, na ambazo masimulizi husema kwamba zilipatikana kwa uongozi wa mwaguzi wa Wataturu.

Habari hizi ni historia kamili, wala si ngano za kuwalaza watoto. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Kimarekani, alikaa na wazee wa Mara Kusini katika miaka ya 1990 akazisikiliza kwa subira, na mwaka 2007 akatoa kitabu chake juu ya kumbukumbu za nchi ya Serengeti. Kabla ya hapo, mwaka 2003, alikuwa amekwisha kutoa mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wazee wenyewe, mmoja mmoja au kwa vikundi, katika madaftari yao. Jambo moja katika madaftari hayo lastahili kuangaliwa. Wazee hao, ambao kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, waliandika kwa Kiswahili.

Yamkini hawakuona tatizo lolote. Shuleni walifundishwa kuandika kwa Kiswahili, na msomaji waliyemtazamia, yaani mjukuu aliye Musoma au Dar es Salaam, alikuwa msomaji wa Kiswahili. Lakini alikuwapo mtu mmoja wa ziwa hilo hilo, aliyezaliwa mapema kuliko wao, ambaye swali la lugha lilimshika tangu ujana hata kufa. Mtu huyo ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Atokaye Robanda akashuka upande wa magharibi hufika Bunda, kisha Kisorya, na hapo kivuko cha Rugezi humvusha hadi kisiwani. Safari si ndefu sana, illa desturi za tawala ni mbali mbali. Waikoma na jirani zao wengi wa Mara waliongozwa na marika na waaguzi. Wakerewe walikuwa na mfalme, omukama, wa ukoo wa Wasilanga. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo huo huo, mjukuu wa omukama Machunda. Alizaliwa katika mwaka mbaya kwa jamaa ya watawala. Omukama Lukonge, aliyempokea Stanley mwaka 1875, alikuwa ameondolewa na Wajerumani mwaka 1895, na ufalme uliobaki ulikuwa ufalme wa kuamriwa. Gerald Hartwig, aliyeandika historia ya Wakerewe na biashara yao ya mbali, alikifunga kitabu chake kwa mwaka huo wa 1895, na kwa hakika ndipo mlango mmoja ulipofungwa. Kitereza alikua upande wa pili wa mlango, akisikia sauti za waliokuwa ndani.

Mapadre Weupe walimfundisha kusoma katika misioni ya Kagunguli, akabatizwa. Mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa katika nchi ya Bukoba, akakaa huko yapata miaka kumi. Alisoma Kilatini, Kijerumani na elimu ya dini, masomo ambayo katika siku hizo yalimtenga kijana na rika lake kuliko bahari yoyote. Hakuwa padre. Alirudi kwao Ukerewe, akamwoa Anna Katuraki mwaka 1919, akafanya kazi ya ukarani na ya tafsiri, na miaka mingi ya maisha yake ilipita katika utumishi wa misioni. Ndoa hiyo ilidumu muda mrefu, na mume na mke hawakujaliwa kubaki na mtoto hata mmoja. Katika nchi ile mtu asiye na mtoto alikuwa mtu ambaye jina lake lingekatika, na mume wa mke asiyezaa alishauriwa na kila jirani aoe wa pili. Kitereza, kwa imani yake na kwa mapenzi yake, hakufanya hivyo.

Msomaji akijua hayo ataelewa kwa nini riwaya aliyoiandika ilikuwa habari ya mume na mke wasio na mtoto. Myombekere na Bugonoka wamekaa miaka bila kuzaa. Ndugu wa mume wanamsuta mke, wazazi wa Bugonoka wanaona uchungu, wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anaachwa peke yake nyumbani, mwanamume mzima apikaye mwenyewe, kisha anakwenda kwa wakwe zake kuomba radhi, na hapewi mke wake mpaka alipe pombe ya ndizi. Namna pombe hiyo inavyotayarishwa, ni nani wamsaidiao, na ni maneno gani yasemwayo inapofikishwa, yote yameelezwa kwa ukamilifu hata mtu angeweza kuifuata kazi kwa kukisoma kitabu tu. Baadaye mganga anatafutwa, dawa zinatumiwa, na hatimaye anazaliwa mwana, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Nao wanakua, wanaoa na kuolewa, na kisa kinaendelea katika kizazi cha pili.

Wako waliokilaumu kitabu hiki kwa urefu wake, wakisema kwamba mwandishi husahau hadithi akaeleza uvuvi, ukulima, uwindaji, maamkizi na matanga. Lawama hiyo haina nguvu sana. Kitereza hakuweka desturi ndani ya hadithi kama mtu awekaye mapambo ukutani. Alitaka vijana wa Ukerewe, ambao aliwaona wakisahau lugha ya wazee, wazikute desturi zikitendwa na watu wenye haya, hasira na njaa. Tena adabu ndiyo hasa mwendo wa kisa chake: Myombekere hashindi kwa nguvu wala kwa hila, hushinda kwa kujua jinsi ya kukaa na watu. Palipo na kasoro ni kwingine. Nchi ya Myombekere ni nchi isiyo na Mjerumani wala padre, imetulia mno, na mwenye kusoma habari za Lukonge atashangaa kuona jinsi vita na hila za watawala zilivyoachwa nyuma ya pazia.

Aliimaliza riwaya hii mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hilo halikutokea kwa kukosa lugha nyingine, maana alizijua kadhaa. Aliandika kwa Kikerewe kwa sababu kuihifadhi lugha hiyo ilikuwa nusu ya kazi yenyewe. Padre Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo, akaufasiri mswada huo kwa Kifaransa akitumaini kupata mchapishaji. Mchapishaji hakupatikana, naye Simard akafa. Ni nani angepiga chapa kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja? Misioni ilichapa katekisimu na nyimbo. Serikali ya kikoloni ilichapa vitabu vya Kiswahili vya shule. Kati ya hizo mbili hapakuwa na nafasi ya Myombekere. Mswada ukakaa zaidi ya miaka ishirini.

Hartwig na mkewe Charlotte walipofika Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa utafiti, walimkuta mzee akiwa bado na kazi yake. Nchi ilikuwa imebadilika. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limeundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali na ya shule za msingi. Kitereza akashauriwa aifasiri riwaya yake kwa Kiswahili, naye akaifasiri kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Hapana budi kulitazama tendo hilo kwa utulivu: mtu aliyeandika ili lugha yake isipotee alikaa tena mezani, neno kwa neno, akakitoa kitabu katika lugha hiyo ili kisipotee kitabu. Kiswahili chake si cha pwani. Kina uzito wa Kikerewe, na kwa mwenye sikio huo ndio utamu wake.

Tanzania Publishing House ikakipiga chapa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya nakala kumfikia mkononi.

Mambo kama haya yametokea kwingine pia, na mfano ulio karibu zaidi watoka mbali, katika kisiwa cha Kuba. Lydia Cabrera, aliyezaliwa Havana mwaka 1899, alikusanya na kutunga upya hadithi za watu weusi wa Kuba, ambao ndani ya Kihispania chao yalibaki maneno ya Kiyoruba na ya Kikongo. Kitabu chake kilitoka kwanza Paris mwaka 1936, kwa Kifaransa, na ndipo mwaka 1940 kikatoka Havana kwa Kihispania alichokiandikia. Lakini Cabrera alikuwa binti wa nyumba yenye mali, mwenye marafiki Ulaya, na lugha yake ilikuwa na wachapishaji katika bara zima la Amerika ya Kusini. Alingoja miaka minne. Toleo la Kikerewe halikupigwa chapa katika uhai wote wa Kitereza.

Katika mkoa wa Mara wenyewe yuko mwingine aliyeishika kazi ya tafsiri, naye aliiendea kwa njia ya kinyume. Julius Nyerere, mwana wa mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alizaliwa Butiama mwaka 1922. Yeye pia alipata dini kwa Mapadre Weupe. Alipotaka kuonyesha nguvu ya lugha hakuchukua masimulizi ya Butiama, alichukua Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969, mwaka ule ule wa Mabepari wa Venisi. Kwa Nyerere swali lilikuwa kama Kiswahili chaweza kuubeba mzigo wa ugenini. Kwa Kitereza lilikuwa kama chaweza kuubeba mzigo wa nyumbani, na mzigo huo, kwa kweli, ni mzito zaidi, maana Roma ya Kaizari ina vitabu elfu vya kuieleza, na pombe ya wakwe wa Myombekere haina kingine.

Ukerewe haikunyamaza baada yake. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971 kwa Kiswahili moja kwa moja, akikionyesha kisiwa hicho hicho bila utulivu ule wa Myombekere. Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Village in Uhuru, aliurudia mswada wa Kikerewe wenyewe akaufasiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2002. Wilhelm Möhlig alikuwa amekwisha kukitoa kwa Kijerumani katika miaka ya 1990, na sehemu yake kwa Kifaransa ikapata chapa Paris mwaka 1996, nusu karne baada ya mswada kukamilika.

Kwa upande wa Mara, wataalamu wa lugha waliokaa Musoma katika karne hii wameweka tahajia za lugha kadhaa za mkoa, Kiikoma kikiwamo, na kazi yao kubwa imekuwa tafsiri ya Biblia. Hivyo kijana wa Robanda apendaye kuandika habari za machaba kwa maneno ya bibi yake anazo herufi za kuyaandikia. Mchapishaji atalazimika kumtafuta, kama Kitereza alivyomtafuta.