Jinja: Jiji la viwanda lililozaliwa na umeme wa Nile

JINJA, jiji lililoko yapata kilomita 80 mashariki mwa Kampala, mahali ambapo Mto Nile unatoka Ziwa Victoria, ndilo lililokuwa kitovu cha viwanda vya Uganda kwa miaka mingi.

Reli ya kutoka pwani ilifika mjini humo mwaka 1928. Miaka miwili baadaye, Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, jirani na mji huo.

Hata hivyo, mageuzi makubwa yalikuja Aprili 1954, Malkia Elizabeth II wa Uingereza alipozindua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale. Umeme huo ulivuta kiwanda cha nguo cha NYTIL, kilichotumia pamba ya wakulima wa Uganda. Shaba iliyochimbwa Kilembe, magharibi mwa nchi, nayo ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa.

Neema hiyo ilitikiswa Agosti 1972, Rais Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Wengi wa wenye viwanda, wahasibu na mafundi wa Jinja walikuwa miongoni mwao. Mali zao ziligawiwa watu ambao wengi hawakuwa na uzoefu wa kuziendesha. Vipuri viliadimika, fedha za kigeni zikakosekana na uzalishaji ukaporomoka. Bwawa liliendelea kuzalisha umeme, lakini mashine nyingi zilisimama.

Ufufuaji ulianza kidogo kidogo. Familia ya Madhvani ilirejea mwaka 1985 na kuijenga upya Kakira. NYTIL ilibinafsishwa katika miaka ya 1990, ingawa viwanda vya nguo vilikuwa vimekwishapata mshindani mwingine: mitumba ya bei nafuu.

Mwaka 2006, ukame ulioshusha kina cha Ziwa Victoria ulisababisha mgawo mkali wa umeme nchini humo, hata Jinja penye bwawa lenyewe.

Jinja ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Leo inazalisha sukari, nguo, vyuma na mafuta ya kupikia, huku watalii wakimiminika kuona chanzo cha Nile. Historia yake inaonyesha kuwa umeme huanzisha viwanda, lakini vinavyoviweka hai ni ujuzi, mtaji na soko.