Kutoka Akika Hadi Keki: Sherehe ya Mtoto Pwani ya Kilwa na Lindi

Ukitaka kujua mzee wa Kilwa Kivinje alizaliwa lini, usianze na kitambulisho chake. Anza na jina. Rajabu, Shabani na Ramadhani mara nyingi walizaliwa katika miezi hiyo. Idi na Mwanaidi walikuja na sikukuu, Juma, Mwajuma na Khamisi wanabeba siku ya wiki, na Chausiku aliingia duniani watu wamelala. Si majina yote yalikuwa hivyo, maana mengi yalirithiwa kwa babu na bibi, lakini katika nyumba nyingi za pwani hii jina lilifanya kazi ya cheti. Kilichokosekana ni tarehe na mwaka. Bila tarehe hakuna siku ya kurudi kila baada ya miezi kumi na miwili kupuliza mishumaa, na kwa karne nyingi hakuna aliyeona kwamba amepungukiwa.

Mwaka ulitafutwa kwa matukio. Wazee wa Umatumbi walihesabu kwa vita vya Majimaji, vilivyoanza katika vilima vyao Julai 1905. Lindi walikuwa na kimbunga cha Aprili 1952, kilichobomoa nyumba na kuua watu mjini. Walifuata kina mama waliojifungua wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, kisha waliojifungua katika mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mtoto "alikuwa anatambaa mwaka wa kimbunga", na maelezo hayo yalitosha kabisa kwa harusi, kwa mirathi na kwa kupanga nani amwamkie nani kwanza. Hata shule haikudai zaidi ya hapo. Mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, na kama vidole vilifika sikio la upande wa pili, aliandikishwa darasa la kwanza.

Watu hawa hawakuwa wageni wa kalenda. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa Kiislamu ulioendesha funga, sala na biashara kwa hesabu kamili za mwezi na za pepo za msimu. Ila mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama kumi na moja kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo aliyezaliwa wakati wa masika, baada ya miaka michache tu mwezi wake wa kuzaliwa huangukia kiangazi. Na kuna siku moja ya kuzaliwa ambayo pwani nzima iliijua na kuiadhimisha kila mwaka: ya Mtume, katika Mfungo Sita. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, yakawa kisomo cha nyumbani. Watoto walikaa mbele kwenye mikeka, chetezo kikapita, marashi yakanyunyizwa, halua na kahawa vikagawiwa. Kwangu mimi hapo ndipo historia ya sherehe hii inapoanza. Anayesema pwani haikujua kusherehekea siku ya kuzaliwa amesahau maulidi.

Mtoto wa kawaida alikuwa na sherehe yake pia, ikaja mapema sana. Siku ya saba alinyolewa nywele na kupewa jina, na waliojaliwa walichinja akika: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Mbuzi wa akika hukatwa viungoni bila kuvunja mifupa, na nyama hupikwa ikaliwa na ndugu, majirani na maskini. Familia isiyo na uwezo siku hiyo iliahirisha, hata miaka. Mama alikaa ndani siku arobaini akikandwa kwa maji ya moto na kupikiwa uji wa pilipili manga, na arobaini ilipotimia mtoto alitolewa nje, akaonyeshwa jua na watu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903, aliyapa mambo ya uzazi na malezi nafasi kubwa.

Baada ya hapo palikuwa kimya. Hakukuwa na sherehe ya mwaka mmoja, wala ya miwili. Sababu yake inauma na haifai kurukwa. Watoto walikufa. Mwaka 1999, jana tu kwa historia ya pwani hii, utafiti wa taifa wa afya ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, karibu 147 hawakufika miaka mitano. Malaria na kuhara viliwachukua wengi. Kumtangaza mtoto mdogo kwamba ametimiza mwaka, kumvika vizuri na kumsimamisha katikati ya watu, kulihofiwa kuwa kumwitia kijicho. Wazazi waliozika wengine kabla yake walimfunga hirizi na kumpa jina la kujishusha, ili asionekane wa thamani. Utafiti wa 2022 ulikuta idadi ile imeshuka hadi 43. Bado ni watoto wengi mno kuzikwa, lakini tofauti hiyo ya miaka ishirini na mitatu inaeleza ujasiri wa mama wa leo kuliko televisheni inavyoweza kueleza.

Sherehe kubwa ya makuzi ilisubiri jando na unyago. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamatumbi, na kwa watu wa mijini walioungana nao, watoto waliingia kwa makundi, wakatoka kwa makundi, na ngoma ilikesha. Mara nyingi ilipangwa baada ya mavuno, na tangu korosho iwe zao la fedha, msimu wake umekuwa ndio msimu wa shughuli. Mtu aliwajua wa rika lake kwa jando waliloingia pamoja. Furaha ilikuwa ya wengi kwa mpigo mmoja, na mtoto mmoja peke yake hakuwa na siku yake.

Siku ya kuzaliwa yenye tarehe, inayorudi kila mwaka, iliingia kwa mlango wa serikali. Wajerumani waliokuwa na boma Kilwa Kivinje na Lindi waliadhimisha kila Januari 27 kuzaliwa kwa Kaiser Wilhelm wa Pili, kwa gwaride na ngoma. Walipoondoka, Waingereza wakaja na siku za wafalme wao, na wanafunzi walisimamishwa juani Mei 24, siku aliyozaliwa Malkia Victoria, waimbe na kupokea peremende. Fikiria mtoto wa Lindi anayejua tarehe aliyozaliwa malkia wa mbali, na mama yake mzazi hajui ya kwake. Sheria ya usajili wa vizazi ya 1920 haikusaidia. Iliwalenga Wazungu na Waasia, na Waafrika walio wengi walibaki nje yake kwa muda mrefu. Bara kidogo kutoka pwani, kwenye misheni za Wabenediktini kama Nyangao na Ndanda, daftari la ubatizo liliandika siku, lakini Wakatoliki wenyewe walizoea zaidi kusherehekea sikukuu ya somo, yule mtakatifu ambaye mtoto amebeba jina lake.

Kilichobadilisha mambo ni kadi ya kliniki. Mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto ulipoanza mwaka 1974, kadi ile ya kupimia uzito ikaanza kuingia nyumba hata za Pande na Mchinga, ikafungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuhifadhiwa sandukuni. Juu yake muuguzi aliandika tarehe kwa kalamu. Mama asiyejua kusoma alijua karatasi ile inasema nini, kwa sababu ilimwita kliniki kila mwezi. Cheti chenyewe kilichelewa mno. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa watoto kama 13 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano ndio waliokuwa nacho nchini. Wakala wa usajili, RITA, walipofikisha Lindi na Mtwara, mwaka 2017, mpango wa kusajili watoto wa umri huo, cheti cha kwanza kikatolewa bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na taarifa ikatumwa kwa simu. Ni kazi ya serikali ninayoisifu kwa moyo wote.

Keki nayo ina safari yake. Pwani ilikuwa na mkate wa kumimina, wa mchele uliosagwa, tui la nazi, hamira na iliki, na hadi leo bibi wengi huuona huo ndio mkate wa heshima. Unga wa ngano, siagi na sukari ya kupambia vilitegemea barabara, na barabara ya kusini ilikuwa mateso: mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko, na mvua ikizidi, kusini ilitengwa na nchi nzima. Hata unga ulipopatikana, oveni hakuna. Wanawake wakapika keki kwa mkaa, sufuria juu ya jiko, mfuniko wa bati na makaa mengine juu yake, moto wa chini mdogo, wa juu mkali kidogo. Keki hiyo hutoka na ukoko wa kahawia na harufu ya moshi kwa mbali, na hakuna ya dukani inayoishinda. Leo vijana wa Kilwa Masoko na Lindi mjini huoka kwa gesi na umeme, huchukua oda kwa WhatsApp na kuandika jina la mtoto kwa krimu.

Mishumaa juu ya keki ni desturi iliyokuzwa na Wajerumani tangu karne ya 18, na wimbo unaoimbwa hapo, kwa Kiingereza kilichopinda Kiswahili, una sauti iliyochapwa Marekani mwaka 1893 na dada wawili wa Kentucky, Patty na Mildred Hill, kama salamu ya asubuhi ya darasani. Kampuni iliyodai kuumiliki ilitoza ada hadi mahakama ilipoamua dhidi yake mwaka 2015. Watoto wa Nangurukuru walikuwa wakiuimba miaka yote hiyo bila kumlipa mtu, wakiufuatisha na wimbo wa Kiswahili wa kuhimiza keki ikatwe. Na kumwagiwa maji, jambo ambalo Mtanzania haliepuki siku yake, wamelifanya lao: mtoto anaviziwa uani na ndoo, wenzake wanakimbia wakicheka, shangazi anagomba huku naye ameshika kopo.

Wapo masheikh wanaoikataza sherehe hii kwa kuiona ni uzushi na kuiga wageni, na familia nyingi zinawasikiliza. Zingine zimepata njia ya kati: sherehe inaanza kwa Fatiha na dua, mtoto anasoma sura fupi aliyoihifadhi madrasa, ndipo pilau linapakuliwa kwenye masinia. Keki inakuja mwisho, na mtoto anawalisha watu kwa ngazi, bibi na babu kwanza, wazazi wakifuata. Watoto wa majirani hawahitaji kadi ya mwaliko. Wakiona tu maputo yamefungwa barazani, wanaoga na kuja.

Ninachokipinga ni sherehe ya mtoto wa miaka mitatu kuhamia ukumbini, kwa michango ya lazima, sare na mshereheshaji, mwenyewe akisinzia saa nne usiku watu wazima wakicheza. Uchungu wangu ni kwa yule jirani aliyemlea mtoto huyo mgongoni, akakosa kuingia kwa kuwa hakuchanga. Akika haikumfungia mtu mlango. Fungu la maskini lilitengwa kabla ya kila kitu. Kwa bei ya ukumbi mmoja na mapambo yake, nyumba ya Mikumbi, Lindi mjini, inaweza kupika pilau la mtaa mzima, kuoka keki mbili za mkaa, na bado ikabaki ya kumnunulia mtoto viatu vya shule.