Mfuko wa mikopo ya maji safi wa majimbo (Marekani)

Mfuko wa mikopo ya maji safi wa majimbo ni mpango wa Marekani wa kukopesha miji na taasisi nyingine fedha za kujenga mitambo ya kusafisha majitaka na kuzuia uchafuzi wa mito, maziwa na bahari. Majimbo yote 50 pamoja na Puerto Rico yana mifuko hiyo. Kila jimbo huendesha mfuko wake kwa kanuni zake lenyewe, ndani ya mipaka ya sheria ya shirikisho. Kanuni hizo zinapobadilishwa, hubadilika pia nani atakopa na wakazi watalipa kiasi gani.

Historia

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Maji Safi, licha ya kura ya turufu ya Rais Richard Nixon. Serikali kuu ilianza kutoa ruzuku ya asilimia 75 ya gharama za mitambo ya majitaka; sheria ya mwaka 1981 ilipunguza kiwango hicho hadi asilimia 55. Mwaka 1987 Bunge lilishinda kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan na kuanzisha mikopo mahali pa ruzuku.

Utendaji

Serikali kuu hulipatia jimbo mtaji kila mwaka, nalo jimbo kwa kawaida huongeza asilimia 20 ya kiasi hicho. Riba haipaswi kuzidi ile ya soko, na inaweza kuwa sifuri. Marejesho hukopeshwa tena kwa miradi mingine, hivyo fedha huzunguka.

Kila mwaka jimbo huandaa mpango wa matumizi na kuupeleka kwa wananchi watoe maoni. Katika Ohio mfuko unaendeshwa na wakala wa mazingira wa jimbo. Katika jimbo la Washington kanuni huandikwa na Idara ya Ekolojia.

Marekebisho ya kanuni

Sheria ya shirikisho inapobadilika, majimbo hulazimika kupitia upya kanuni zao. Kwa kawaida idara husika huandaa rasimu, huitangaza, hupokea maoni, kisha hutoa kanuni za mwisho.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2014. Muda wa kulipa uliongezwa kutoka miaka 20 hadi 30, mradi usizidi umri wa kufaa wa mtambo. Majimbo yalitakiwa pia kuweka vigezo vya kutambua jamii zisizomudu mkopo, kwa kuangalia kipato, ukosefu wa ajira na mwelekeo wa idadi ya watu. Jamii hizo zinaweza kusamehewa sehemu ya deni.

Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliongeza karibu dola bilioni 11.7 kwa miaka mitano, na kuagiza asilimia 49 ya fedha hizo itolewe kama ruzuku au msamaha wa deni.

Athari kwa miji midogo

Deni hulipwa hasa kwa ankara za majitaka, kwa hiyo mji wenye nyumba chache hubeba mzigo mkubwa kwa kila nyumba. Kwa mfano wa hesabu tu, mkopo usio na riba wa dola milioni 6 kwa nyumba 300 ni dola 20,000 kwa kila nyumba. Ukilipwa kwa miaka 20, kila nyumba italipa takriban dola 83 kwa mwezi. Kwa miaka 30, dola 56. Nusu ya deni ikisamehewa, malipo ya miaka 30 hushuka hadi dola 28.

Hata hivyo, fedha zilizosamehewa hazirudi mfukoni kukopeshwa wengine. Kwa sababu hiyo, tafsiri ya "jamii isiyomudu" ni suala muhimu katika marekebisho ya kanuni: ikiwa pana mno, mtaji hupungua, ikiwa finyu mno, miji maskini hubaki na mitambo mibovu, na majitaka huendelea kuingia mitoni.